Waya, utambi na betri: Hesabu inayorukwa na wanaojifungia koili za vepu

Na MWANDISHI WETU

HAKUNA anayesahau siku ya kwanza aliyovuta utambi mkavu. Unabonyeza kitufe ukingojea ladha ya embe, kumbe koo linapigwa na moshi kama wa shati lililosahauliwa chini ya pasi. Unakohoa hadi machozi yanatoka. Mse uliye naye anacheka kwanza, kisha anakuuliza swali la maana: "Kwani ulishindilia pamba kiasi gani?"

Swali hilo haliwahusu wanaotumia vepu za kutupa, maana zile huja zimefungwa na zikiisha zinaishia kwenye pipa, betri na yote. Linawahusu wanaotumia atomaiza za kujijengea: kikombe kidogo cha chuma chenye nguzo mbili na skrubu, ambapo wewe mwenyewe unazungusha waya, unaubana kwenye nguzo, unapitisha pamba katikati na kutia juisi. Wengi huingia huko kwa sababu ya doo. Rola moja ya waya wa mita 10 inatoa koili kama 100, na pamba ya kubadilisha haimalizi mfuko.

Tuelewane mapema. Kama hujafika miaka 18, makala haya si yako. Na kama hujawahi kuvuta sigara wala vepu, usianze kwa sababu umesoma hapa. Nikotini ikishakushika haikuachi kirahisi. Haya ni ya mtu mzima ambaye tayari ana kifaa mkononi na anakifungua kila wiki akikisia.

Anza na utambi, maana ndio watu huudharau. Aliyekulia nyumba ya koroboi anajua kazi yake: utambi ukibanwa sana mafuta hayapandi, moto unakula kitambaa chenyewe. Ukiwa mlegevu kupita kiasi, mafuta yanamwagika. Ndani ya atomaiza mambo ni yale yale. Juisi ni mchanganyiko wa propileni glikoli, inayochemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini, inayochemka kwenye nyuzi 290. Maadamu pamba ina maji ya kutosha, joto la koili linatumika kugeuza juisi kuwa mvuke. Juisi ikichelewa kufika, joto halina pa kwenda. Linapanda, pamba inaungua, na ile gliserini inaanza kuvunjika na kutoa kemikali kama akrolini na fomaldehaidi.

Hilo la fomaldehaidi si hadithi ya kutishana. Mnamo Januari 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine. Kwenye volti 3.3 hawakuipata, kwenye volti 5.0 waliipata kwa wingi. Wapinzani wao wakajibu kwamba hakuna mtu angevumilia kuvuta kwenye volti hizo, kwa kuwa utambi ungekuwa umekauka na ladha ingemkimbiza. Mabishano yalikuwa makali, lakini ukiangalia vizuri, pande zote mbili zilikuwa zinaongea kuhusu kitu kimoja: utambi ulioshindwa kwenda kasi ya koili. Kwa hivyo ile ladha ya kuungua isikupate ukijikaza eti "itaisha." Toa pamba.

Pamba yenyewe ijaribu kwa maji kabla ya kuifunga. Chukua kipande, kiweke juu ya maji kwenye glasi. Pamba iliyosafishwa vizuri inalowa na kuzama haraka. Pamba mbichi inaelea, kwa sababu bado ina nta yake ya asili inayokataa maji, na juisi nayo itakataliwa vivyo hivyo. Ya duka la dawa inaweza kufaa ikiwa ni pamba tupu isiyotiwa manukato wala dawa. Kitu cha kuepuka kabisa ni ile sufi ya mito na midoli. Nyingi ni poliesta, yaani plastiki, na plastiki kwenye waya wa moto inayeyuka. Wapo wanaopenda reyoni, ambayo hufyonza haraka, na wakongwe wa silika na wavu wa chuma bado hawajaisha. Kwa anayejifunza, pamba inatosha.

Kiasi? Ivute ndani ya koili. Isikie ikisugua kidogo, lakini isiipindue koili wala kuikokota. Ukilazimika kuivuta kwa meno, imezidi. Mikia yake ikate ifike tu kwenye sakafu ya kikombe, kisha ichambue ncha ziwe nyepesi. Juisi yenye gliserini nyingi ni nzito na hutambaa polepole, kwa hiyo inataka pamba legevu zaidi. Hapa ndipo makosa mengi hutokea: mtu anabadilisha juisi, habadilishi utambi, halafu analaumu waya.

Sasa waya. Kanthal ni mchanganyiko wa chuma, kromiamu na alumini uliobuniwa Uswidi, na ni wa familia ile ile ya nyaya zinazopasha tanuri za umeme. Hauna nikeli. Nikromu una nikeli nyingi, kwa kawaida asilimia 80, na unapata moto haraka kuliko Kanthal. Ndugu yake ndio ule uliomo kwenye koili za hosteli ambazo mlinzi akizipata chumbani anaondoka nazo. Kama hereni za bei rahisi au bakoli ya mshipi hukutoa vipele, huenda ni nikeli inayokusumbua, basi nikromu si wako. Hata chuma cha pua cha 316L kina nikeli kiasi, ingawa watu hukipenda kwa kuwa kinaweza kutumika kwenye kifaa kinachodhibiti joto. Nikeli tupu na titani ni za vifaa hivyo vya kudhibiti joto pekee. Usiziwashe hadi ziwe nyekundu.

Na usidhani waya ni kitu kisichoacha alama. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins walipima vifaa vya watumiaji 56 huko Baltimore wakapata risasi, nikeli, kromiamu na manganizi ndani ya mvuke, na walielekeza kidole kwenye koili. Ndiyo maana mimi sioni ujanja katika kuchoma koili nyekundu mara ishirini ili "kuisafisha." Ikishaganda utandu mweusi wa sukari za juisi, kata, funga nyingine. Ni sentimita saba za waya, bana.

Namba ya geji inachanganya wengi kwa sababu inaenda kinyume: kubwa ndiyo nyembamba. Geji 28 ni milimita 0.32, geji 26 ni 0.40, geji 24 ni kama 0.51. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa. Ukizungusha Kanthal geji 26 mara sita kwenye kijiti cha milimita 3, unapata omu 0.8 hivi. Ukifunga koili mbili za namna hiyo sambamba, ukinzani unakatika nusu, omu 0.4. Hii ni fizikia ya Kidato cha Tatu, ile uliyoikariri kwa ajili ya mtihani ukaapa hutaitumia maishani.

Hapa ndipo inatumika. Betri ya 18650 ikijaa ina volti 4.2. Gawanya kwa omu 0.8, mkondo ni ampea 5.25. Kwa omu 0.4 ni ampea 10.5. Ukishuka hadi 0.2, kwa sababu umeona mtu akitoa wingu kubwa mtandaoni, ni ampea 21. Betri nzuri kama Samsung 25R imeidhinishwa kwa ampea 20 mfululizo. Tayari umepita.

Na hapo tunaongelea betri nzuri. Kuna hizi zinazotolewa ndani ya laptopu zilizokufa. Zina umbo lile lile, zinaingia bila kelele, na nyingi hazikuundwa kutoa mkondo mkubwa. Ukiiweka kwenye kifaa chenye saketi ya kinga, huenda kikakataa kuwaka. Ukiiweka kwenye lile bomba la chuma lisilo na saketi yoyote, hakuna wa kukataa. Januari 2019, huko Texas, kijana wa miaka 24 alifariki baada ya vepu yake kulipuka na vipande kukata mshipa wa shingo.

Kwa hivyo pima koili kwa kipima omu kabla ya kuweka pamba. Kata miguu ya waya isiguse ukuta wa kikombe. Iwashe kidogo kwa wati chache: inapaswa kung'aa kuanzia katikati kwenda pembeni. Ikiwaka upande mmoja, zima, iguseguse kwa kibanio cha seramiki, jaribu tena. Kibanio cha chuma huku umebonyeza kitufe ni shoti ya kujitakia.

Jambo moja husahaulika hata na wajuzi. Koili ya omu ndogo hutoa mvuke mwingi kwa pumzi moja, kwa hiyo nikotini ya miligramu 3 kwa mililita ndiyo watu huitumia humo. Juisi ya chumvi za nikotini ya miligramu 50 imetengenezwa kwa vifaa vidogo vya wati chache. Ukiimimina kwenye koili ya 0.2, utajikuta umekaa chini, kichwa kinazunguka, jasho jembamba, tumbo linataka kurudisha chapati. Huo ni wingi wa nikotini, na haujali kama umezoea.

Zile betri za laptopu? Zikipimwa na kuwekwa kwenye tochi yenye saketi yake, zinaweza kumulika muda mrefu sana. Mpelekee fundi wa tochi.