Daktari na Simu Yake

Wako madaktari na wauguzi ambao, kabla hata hawajampima mgonjwa, huandika jina lake katika simu na kuyatazama maisha yake kwenye intaneti. Wakiulizwa hujibu kwamba picha zile mwenyewe ndiye aliyezitandaza hadharani. Sisi hatuikubali hoja hiyo. Mtu aliyeweka picha za arusi ya dada yake aliwawekea jamaa na rafiki zake. Hakumwekea daktari apate kumhukumu kwazo.

Tumchukue mfanyakazi wa ghala aliyeshikwa na mgongo akaenda zahanati kuomba cheti cha mapumziko. Muuguzi afungua simu, amwona akicheza ngoma, akamnong'oneza daktari, na cheti chakataliwa. Ngoma ile huenda ilichezwa mwaka juzi. Huenda hata si yeye, maana akina Juma katika mji huu hawahesabiki! Lakini mgonjwa hakuulizwa neno, naye arudi kubeba magunia bila kujua ni nani aliyemshitaki. Safari nyingine hatasema yote yanayomsumbua, na daktari atatibu kwa kubahatisha.

Hatusemi kwamba simu ni haramu wodini. Majeruhi aliyeletwa hajitambui wala hana kitambulisho, kumtafutia ndugu zake kwa njia hiyo ni wajibu. Kadhalika mtu anayehofiwa kujiua. Lakini haja ya tiba ni mbali na udadisi wa jirani.

Mwaka 2010 madaktari watatu wa Marekani, Clinton, Silverman na Brendel, waliandika juu ya jambo hili katika jarida la magonjwa ya akili. Walimtaka daktari ajiulize kwanza: Kwa nini nataka kutafuta? Je, kutasaidia matibabu au kutayaharibu? Nimwombe mgonjwa ridhaa? Nitamweleza niliyoyaona, na kuyaandika katika faili lake? Twaona swali la mwisho ndilo zito kupita yote, kwani anayeona haya kuyaandika aliyoyatafuta amekwisha kujijibu.

Hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imezihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti. Hata hivyo sheria haikai mlangoni pa kila wodi. Kwa hiyo twazitaka hospitali, za serikali na za watu binafsi, ziwape watumishi wao kanuni iliyoandikwa: asiyekuwa na sababu ya tiba asitafute, na aliyetafuta aandike siku, sababu na jina lake katika faili, na mgonjwa akiuliza asomewe.