Namba ya kompyuta ni ushahidi, si hukumu

Ndugu wasikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya ugonjwa unaowasumbua wengi walionunua magari yaliyokwisha kutumika. Ni ugonjwa wa gari ambalo leo linawaka, kesho linagoma, na keshokutwa linawaka tena kana kwamba halikuwa na neno. Gari lililokufa kabisa lina nafuu, maana fundi atalikuta limekufa. Hili la kuugua na kupona humfikia fundi likiwa zima, na hapo ndipo fedha ya mwenye gari huanza kuteketea.

Siku hizi fundi huchomeka mashine chini ya usukani, na mashine ikatoa namba. Herufi ya kwanza huonyesha upande wenye malalamiko: P ni injini na gia, B ni bodi, C ni breki, usukani na mambo ya chini ya gari, na U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari zenyewe. Tuseme imetoka P0335. Namba hiyo inahusu njia ya umeme ya sensa ya krenki, ile inayoieleza kompyuta kwamba injini inazunguka. Mara mwenye gari anaambiwa, "Sensa imekufa, lete fedha."

Hapo mimi nasema tusimame kwanza. Namba ile haikusema sensa imekufa. Imesema kompyuta haikupata habari iliyoitarajia kutoka upande ule. Huenda ni sensa kweli, lakini huenda ni waya uliokatikia ndani ya ganda lake, au plagi iliyolegea. Kompyuta ni shahidi aliyesikia kelele gizani. Shahidi huyo anasikilizwa, lakini hukumu haitolewi kwa neno lake peke yake.

Namfahamu dereva mmoja wa teksi hapa Dar es Salaam ambaye gari lake dogo lilikuwa linagoma siku mbili katika juma. Alinunua betri mpya, likagoma. Akanunua stata, likagoma. Mashine ikatoa P0562, maana yake umeme wa gari uko chini, pamoja na namba kadhaa za U. Akaambiwa sasa anunue kompyuta ya gari, kwa fedha aliyokuwa ameweka kwa ajili ya ada ya mtoto. Bahati nzuri mzee mmoja fundi umeme akaomba apime kwanza. Aliweka ncha moja ya mita juu ya nguzo hasi ya betri yenyewe, na ncha ya pili kwenye chuma cha injini, kisha akamwambia dereva apige stata. Mita ikaonyesha karibu volti 3. Mahali pale isingepasa kuonyesha hata nusu volti. Waya mnene wa hasi ulikuwa unang'aa kwa nje, lakini ndani ya ganda lake, karibu na kichwa cha betri, nyuzi za shaba zilikuwa zimeliwa na kuwa unga wa kijani. Sisi tunaoishi karibu na bahari tunaijua chumvi hiyo.

Mtu atauliza, mbona taa zilikuwa zinawaka vizuri? Tufanye hesabu ndogo. Kiungo kibovu chenye ukinzani wa omu 0.02 kikipitisha ampea 10 za taa, kinapoteza volti 0.2 tu, na jicho haliwezi kuona tofauti. Stata huhitaji ampea 150 au zaidi. Zidisha 150 kwa 0.02, utapata volti 3 zilizopotea njiani. Stata inabaki inalia "ta!" na kunyamaza, na kompyuta zikikosa umeme wa kutosha zinaanza kulalamika kila moja kwa namba yake. Ndiyo maana nasema, ukiona namba nyingi zimetoka kwa pamoja, tafuta sababu moja kabla ya kununua vifaa vingi.

Basi ufuatwe utaratibu gani? Kwanza, ziandikwe namba zote kwenye karatasi kabla hazijafutwa. Anayefuta kwanza na kuuliza baadaye amemfukuza shahidi mahakamani. Kumbuka pia kwamba katika magari mengi kufungua betri hufuta namba hizo.

Pili, pima betri gari likiwa limepumzika. Volti 12.6 imejaa, na 12.0 iko karibu kwisha. Wakati wa kupiga stata isishuke chini ya 9.6 hivi. Injini ikinguruma, magari mengi huonyesha kati ya 13.8 na 14.5. Baada ya hapo pima waya za hasi na chanya kama alivyofanya yule mzee. Gari liwe kwenye P au nyutro, na breki ya mkono imevutwa.

Tatu, mwenye gari aweke daftari. Liligoma asubuhi au baada ya safari ndefu? Injini ilizunguka bila kuwaka, au haikuzunguka kabisa? Ikiwa haikuzunguka, lakini gari la otomatiki likakubali ukihamisha gia kutoka P kwenda N, itazame swichi ya gia. Ikiwa inazunguka bila kuwaka ingali ya moto, na ikipoa inawaka, hapo sensa ya krenki inastahili kushukiwa. Ikiwa taa ya ufunguo inamemeta kwenye dashibodi, huenda gari halitambui chipu ya ufunguo. Mistari mitano ya daftari humsaidia fundi kuliko maneno "linasumbua tu".

Na wewe unayetaka kununua, usifurahi kwa kuwa mashine haikukuta namba yoyote. Muulize mpimaji kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika. Mengi yakiwa hayajakamilika, yawezekana namba zimefutwa hivi karibuni, au betri imefunguliwa. Omba uliwashe gari likiwa baridi, uliendeshe hadi lipate moto, ulizime, kisha uliwashe tena.

Ndugu wasikilizaji, siwabezi mafundi wala mashine zao. Fundi mzuri huitumia mashine imwonyeshe pa kuanzia, kisha hupima kwa mkono wake. Nasi wenye magari tujifunze kuuliza swali moja kabla ya kutoa fedha: "Umepima nini, na umeona nini?" Mwenye jibu mlipe kwa moyo mweupe. Asiye na jibu, mwambie akapime kwanza.

Hadi juma lijalo, nawatakieni safari njema.