Kuongeza waranti ya kompyuta iliyozeeka: hesabu ya mtu wa Lipingo

Mwaka wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni, na siku za mwisho mwisho kabla ya hapo ndipo swali hili hutua kwenye meza ya mwalimu mkuu, mganga mfawidhi wa zahanati au katibu wa AMCOS: kompyuta ya mezani ya ofisi imetimiza miaka minne, waranti yake imekwisha au inakaribia kwisha, na muuzaji ameleta profoma ya kuiongeza mwaka mmoja. Je, ilipwe?

Kwa ofisi nyingi za Lipingo na mwambao wote wa Wilaya ya Nyasa, jibu langu ni hapana. Siyo kwamba waranti ni utapeli. Ni mkataba halali, na kwa mashine fulani nitausifu hapa chini. Ila mkataba hupimwa kwa mambo mawili: unalinda dhidi ya kitu gani, na huduma yake inakufikia vipi. Kwa kompyuta kuukuu iliyo ufukweni mwa Ziwa Nyasa, vipimo vyote viwili vinagoma.

Tuanze na kile ambacho waranti inaahidi. Maneno yanayorudiwa katika karibu kila mkataba wa aina hii ni kasoro ya vifaa au ya utengenezaji. Kiwanda kikikosea, kiwanda kinalipa. Geuza ukurasa, soma herufi ndogo: radi haimo, umeme kupanda na kushuka haumo, maji na wadudu havimo, mashine iliyofunguliwa na fundi asiyetambuliwa haimo, virusi na programu zilizoharibika havimo. Sasa jiulize kompyuta za ofisi za kwetu hufa kwa nini.

Hufa kwa umeme. Mkoa wa Ruvuma uliishi zaidi kwa majenereta ya dizeli hadi mwaka 2018, laini ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilipofika Songea na kutuunganisha na gridi ya Taifa. Hatua ile imetusaidia sana, na anayekumbuka enzi za mgawo wa dizeli Mbinga ataniunga mkono. Lakini kutoka Songea umeme bado unavuka safu za milima ya Umatengo, unapita Mbinga, kisha unateremka hadi ziwani kwa nguzo zilizokatiza misitu na mabonde. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni mvua, radi na matawi yanayoangukia nyaya. Umeme unakatika, unarudi, unakatika tena. Kile kishindo cha kurudi ndicho hasa kinachoumiza, kwa sababu msongo huweza kuruka juu ya volti 230 kwa kitambo kidogo kabla ya kutulia, na pawa saplai ndiyo inayopokea pigo la kwanza.

Fungua pawa saplai iliyokufa, baada ya kuchomoa waya na kuiacha ikae muda mrefu, maana kepasita zake kubwa hubaki na chaji inayoweza kukurusha. Utaona mapipa madogo yaliyosimama wima. Kepasita nzima ina kichwa bapa chenye mistari iliyochongwa kama msalaba. Iliyochoka imevimba kichwani, na mara nyingine imetokwa na majimaji ya kahawia yaliyokauka pembeni. Uvimbe huo waweza kuwa wa kiwandani kweli. Katika miaka ya 2003 hadi 2005 mamilioni ya kompyuta za Dell, OptiPlex GX270 zikiwemo, zilitoka na kepasita mbovu kwenye mazabodi, na kampuni ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kuzitengeneza. Hapo waranti iliokoa fedha za watu. Lakini kasoro za namna hiyo hujitokeza zaidi katika miaka ya mwanzo. Mashine iliyovuka miaka minne bila tatizo imekwisha kupita mtihani wa kiwanda. Inayoikabili sasa ni mitihani ya mahali ilipo.

Na mahali penyewe pana mengi. Unyevu wa ziwani hula miguu ya ram na kuziba soketi kwa kutu. Visubi vya ziwani, vile vinavyopanda kutoka majini kama wingu la moshi, hufuata mwanga usiku. Ofisi yenye taa na dirisha wazi huvikaribisha, na feni ya kompyuta huvivuta ndani pamoja na vumbi hadi vigande kwenye mapezi ya kipoza joto. Prosesa inachemka, mashine inajizima. Fundi wa waranti akiifungua na kuona tabaka lile, ataandika neno moja kwenye fomu, uchafu, na dai lako limeishia hapo.

Kipimo cha pili ni njia. Mikataba mingine inaahidi fundi siku ya kazi inayofuata. Ahadi hiyo ni ya kweli kwa mteja wa Posta, Dar es Salaam. Kwa mteja wa Lipingo, mara nyingi hugeuka kuwa lete mashine kituoni, na kituo kiko zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea, ukiacha ile safari ya kutoka ziwani hadi Songea kupitia Mbinga. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kilomita 66, imepunguza adha ya njia hiyo, lakini haijamsogeza fundi. Kompyuta itafungwa kwenye boksi, itapanda bodaboda, basi, kisha basi jingine. Gharama za kusafirisha mzigo kwenda na kurudi ni zako, na ofisi itakaa bila mashine kwa wiki kadhaa. Zahanati haiwezi kusimamisha mahesabu yake kwenye mfumo wa serikali kwa sababu boksi liko Dar es Salaam.

Sasa fedha. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 huweka kompyuta katika daraja la kwanza la uchakavu, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Kompyuta iliyonunuliwa shilingi 1,500,000 inabaki na thamani ya karibu shilingi 229,000 baada ya miaka minne. Tuseme profoma ya waranti ni shilingi 180,000. Hiyo ni karibu sehemu nne kati ya tano za thamani ya kitu chenyewe, na inalinda mwaka mmoja tu.

Linganisha na hatari iliyopo. Kampuni ya Marekani ya Backblaze, inayotunza data kwenye maelfu ya diski, ilitoa takwimu zake mwaka 2013: diski zilizovuka miaka mitatu zilikuwa zikifa kwa kiwango cha takriban 12 katika kila 100 kwa mwaka. Zile zilifanya kazi usiku na mchana, lakini tuichukue namba hiyo hivyo hivyo. Ikiwa kubadili diski ni shilingi 120,000 pamoja na ufundi, mzigo wa wastani kwa mwaka ni shilingi 14,400. Weka nafasi moja katika kumi kwa pawa saplai ya shilingi 60,000, unapata 6,000. Weka nafasi tano katika mia kwa mazabodi ya shilingi 200,000, unapata 10,000. Jumla 30,400. Bei za vifaa ni za mfano, badilisha kwa bei utakazoambiwa Songea. Hata ukizidisha hatari mara mbili hufiki nusu ya ile 180,000. Jarida la Consumer Reports la Marekani limewashauri wasomaji wake kwa miaka mingi waachane na waranti za nyongeza kwa hesabu inayofanana na hii, nao wana fundi mtaa wa pili.

Jambo linaloniuma zaidi ni diski, kwa sababu watu wengi huamini waranti inalinda kazi yao. Haigusi kazi yako hata kidogo. Diski ikifa ndani ya waranti utapewa diski tupu, na ile mbovu kwa kawaida huchukuliwa na kampuni, isipokuwa ulilipia kipengele cha kubaki nayo. Ndani yake mna majina ya wagonjwa, matokeo ya wanafunzi, au orodha ya wakulima na malipo yao. Tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na aliyekusanya taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Diski hiyo haifai kuondoka Lipingo ikiwa inasomeka.

Zile 180,000 basi ziende wapi? Kwanza UPS nzuri, au betri mpya kwa UPS uliyonayo. UPS nyingi ndogo hutumia betri ya volti 12, saa-ampea 7, na betri hiyo huchoka ndani ya miaka mitatu hadi mitano, mapema zaidi kwenye joto. Ofisi kibao zina UPS inayolia na kuzima papo hapo, na hakuna aliyewaza kubadili betri. Wakati wa radi, chomoa plagi ukutani; UPS ndogo haihimili radi iliyopiga karibu. Pili, diski ya nje ya kunakili kazi zote kila Ijumaa, inayolala kabatini au nyumba nyingine. Fedha ikibaki, weka SSD badala ya diski ya zamani inayozunguka. Mashine ya miaka minne itakushangaza kwa wepesi.

Kabla ya kuamini kwamba mashine imekufa, tazama saa yake. Kompyuta ikiwaka na kuonyesha mwaka 2015 au tarehe ya ajabu, tovuti za serikali zitakataa kufunguka na kutoa onyo la usalama, na fundi wa haraka atakuambia mazabodi imekwisha. Tafuta kwenye mazabodi kibetri cha duara kama sarafu, CR2032 cha volti 3. Kikipimwa na kuonyesha chini sana ya 3, kibadilishe, rekebisha tarehe, tovuti zitafunguka. Kwa diski, kuna programu ya bure ya CrystalDiskInfo: ikionyesha rangi ya njano badala ya buluu, nakili kazi zako siku hiyo hiyo, usingoje Ijumaa.

Kuna jambo moja la kutangulia yote haya. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa za kizazi cha nane kwenda juu. Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa Kariakoo na kufika kwetu ni za kizazi cha nne au cha sita. Kulipia waranti ya vifaa kwa mashine ambayo mfumo wake umepitwa ni kutupa fedha. Kwanza amua kama itahamia Linux, italipiwa masasisho ya ziada, au itapumzishwa.

Ninaposema ndiyo, nasema kwa mashine ya chini ya miaka mitatu, kwa seva inayobeba kazi za ofisi nzima, au kwa halmashauri iliyonunua kompyuta nyingi kwa zabuni moja na yenye uzito wa kumlazimisha muuzaji kuweka fundi Mbinga au Songea. Hapo lipa kabla waranti ya kwanza haijakatika, maana kuifufua iliyokwisha huwa ghali au haiwezekani. Tunza risiti ya EFD. Ingiza namba ya mashine kwenye tovuti ya mtengenezaji uone kama waranti ipo na ilisajiliwa nchi gani, kwa kuwa nyingi za mtumba zilisajiliwa Ulaya au Ghuba na huenda zisihesabike hapa. Kisha mwombe muuzaji aandike, kwa mhuri, fundi atatoka mji gani, nani atalipa usafiri wa kutoka Lipingo, na diski mbovu itabaki kwa nani. Akikataa kuandika lolote kati ya hayo, mrudishie profoma yake, agiza betri ya UPS.