Giaboksi ya Zamani, Injini Mpya: Pima Kwanza

Majani mabichi ya chai hayangoji. Yakikaa mno ndani ya magunia hupata joto na kuwa mekundu, na chai yake haiwi nzuri. Kwa hiyo lori linaloyachukua kutoka kituoni mpaka kiwandani, kama Litein, Mogogosiek au Kapkoros, likilala njiani, kazi ya wachumaji wengi imeharibika.

Injini ya lori kuukuu ikichoka, wenye malori wengine hutia injini mpya ya dizeli na kuibakiza giaboksi ya zamani ili kupunguza gharama. Jambo hili lawezekana, lakini si kila giaboksi hukubali kila injini. Mkulima, au chama chenye lori, yafaa kuhakikisha mambo matano kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, nguvu. Kila giaboksi imetengenezwa kuchukua nguvu ya kiasi fulani. Nguvu hiyo ya kuzungusha hupimwa kwa nyutoni-mita. Giaboksi ya 250 ikifungwa kwenye injini ya 400, meno yake yatavunjika, na huenda yakavunjika mlimani, lori likiwa limejaa. Tazameni vitabu vya mitambo yote miwili.

Pili, mahali pa kuungana. Matundu ya boliti yasipolingana, huwekwa bamba la chuma katikati. Bamba hilo lichongwe kwa mashine ya leithi, wala lisitobolewe kwa kukisia. Giaboksi ikikaa kando hata kidogo tu, beringi na klachi huharibika upesi.

Tatu, shafti ya mbele ya giaboksi. Ncha yake huingia katika beringi ndogo iliyo nyuma ya krankishafti ya injini. Ikiwa fupi, ncha itaning'inia; ikiwa ndefu, itaisukuma krankishafti. Pimeni urefu na unene wake, na mkumbuke ya kuwa bamba lile nalo lina unene.

Nne, klachi. Meno ya katikati ya kibati cha klachi lazima yalingane na shafti ya giaboksi, na upana wa kibati ulingane na flaiwili ya injini. Kisha mtu akanyage klachi, na fundi atazame kama inaachia kabisa.

Tano, mwendo wa gia. Gia ya kwanza ya 6 kwa 1 maana yake injini huzunguka mara 6 na shafti ya nyuma mara 1. Gia nzito kama hiyo hupandisha mzigo. Tena wakati wa kuteremka hulizuia lori, breki zisipate moto. Giaboksi isiyo na gia nzito ya kutosha haifai kwa milima yetu.

Baada ya kufunga, tieni oili ile iliyoandikwa katika kitabu cha giaboksi. Oili nyingine kali za difu hula ringi za shaba zilizomo katika giaboksi za zamani. Tena, injini ikibadilishwa, namba yake mpya ipelekwe NTSA ili iandikwe katika kumbukumbu za gari.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Basi msinunue giaboksi kwa kuwa bei yake ni ndogo. Fundi aiweke chini kando ya injini, apime yote matano, ajumlishe gharama ya bamba, klachi na kazi yake. Hapo ndipo mtajua kama ni rahisi kweli.