Ngitili za Shinyanga: hesabu ya pori lililorudi

Mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimerekodiwa mkoani Shinyanga zilifika hekta 600 tu. Ngitili ni malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zinapoanza na kuyafungua kiangazi, majani yanapokuwa yamekwisha kwingine. Kuanzia miaka ya 1920, serikali ya kikoloni ilifyeka misitu ili kuwafukuza mbung'o, na mashamba ya pamba yakafuata. Kwa vizazi kadhaa, kufyeka pori ndiko kulikoitwa maendeleo. Kumwambia mkulima wa namna hiyo aache vichaka virudi lilikuwa ombi zito.

Mradi wa serikali wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza kwa vitalu vya miche, na wananchi hawakuichangamkia. Mambo yalibadilika ulipogeukia ngitili. Hapo gharama ikashuka sana: visiki na mizizi ya migunga ilikuwa bado hai ardhini, ikachipua yenyewe mara ng'ombe walipozuiwa. Ulinzi ulikuwa wa watu wenyewe. Dagashida, baraza lao la jadi, lilipitisha sheria, na sungusungu, walinzi wa vijiji, wakazisimamia.

Utafiti wa vijiji 172 ulikuta ngitili 18,607 zenye jumla ya hekta 78,122. Huo ni wastani wa hekta 4.2 kwa ngitili na hekta 454 kwa kijiji. Zidisha kwa vijiji 833 vya mradi, utapata karibu hekta 378,000. Ndiyo maana takwimu inayotajwa sana ni zaidi ya hekta 350,000; tukumbuke tu kwamba ni makadirio. Hata hivyo, ni kama asilimia 7 tu ya Shinyanga ya wakati huo. Sehemu kubwa ya mkoa ilibaki kwa kilimo na mifugo, na naamini hilo lilipunguza hofu.

Faida ilikadiriwa kuwa dola 14 kwa mtu kwa mwezi: kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, dawa, asali, malisho. Matumizi ya kawaida ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50 kwa mwezi. Wanyamapori waliorudi walileta hasara ya takribani dola 63 kwa familia kwa mwaka. Kwa familia ya watu 6, faida ni dola 1,008 kwa mwaka. Hasara hiyo ni kama dola 6 katika kila 100. Hesabu hiyo mkulima huiona bila kuhubiriwa.

Lakini wastani huficha mengi. Katika ngitili zile 18,607, za jamii zilikuwa 284 tu, yaani asilimia 1.5, ingawa kila moja huwa kubwa zaidi. Nyingine zote zilikuwa za watu binafsi, na mwenye ardhi na ng'ombe wengi ndiye aliyevuna zaidi. Mradi wowote unaotaka kuiga Shinyanga uanze kwa kutenga ngitili za kijiji, maana mama asiye na shamba hana pengine pa kuokota kuni.