AFYA YA FAMILIA: Kijana wako akitishiwa kwa picha mtandaoni, mfanye nini?

Leo katika ukurasa wa afya tunazungumzia simu ya mtoto, kwa sababu nayo siku hizi inaleta maradhi: kukosa usingizi, hofu, na wakati mwingine hata kifo.

Wengi wetu hapa Birmingham tunafanya kazi za zamu. Mzazi yuko kazini usiku kwenye nyumba ya wazee, na mtoto yuko chumbani kwake Handsworth au Small Heath. Tunajifariji kwamba afadhali hayuko barabarani. Lakini mtu mbaya siku hizi hana haja ya kumsubiri mtoto barabarani.

Wanavyofanya

Mwezi wa Aprili 2024, National Crime Agency, chombo cha taifa kinachopambana na uhalifu mkubwa, kiliwatahadharisha walimu wa Uingereza yote kuhusu wizi wa aina hii. Watoto wa kike na wa kiume wote wanalengwa, lakini sehemu kubwa ya waliopatwa ni wavulana wa miaka 14 hadi 18.

Mambo huenda hivi. Kijana anapata ombi la urafiki Instagram au Snapchat kutoka kwa msichana mzuri. Wanapiga soga. "Msichana" anatuma picha ya utupu, anaomba na kijana atume yake. Akishatuma tu, lugha inabadilika: leta pesa, la sivyo picha inakwenda kwa wazazi wako, kwa walimu wako na kwa marafiki zako wote. Msichana hayupo. Ni genge la watu, mara nyingi wako nje ya Uingereza, na mtoto wako si wa kwanza kwao.

Desemba 2023 kijana wa miaka 16 wa Dunblane, Uskochi, alijiua baada ya kutishiwa namna hii. Wazazi wake walipata kujua sababu baada ya kumpoteza.

Kwa nini wanafanikiwa

Silaha yao kubwa ni aibu, kuliko hata ile picha. Wanajua mtoto ataogopa kusema nyumbani. Na sisi tuliolelewa kwa heshima na haya, mara nyingi tunawasaidia bila kujua. Mtoto aliyezoea kusikia "ukinitia aibu nitakurudisha nyumbani kwa bibi yako" atamwambia nani? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Basi tusiwafundishe watoto wetu kuficha.

Dalili za kuangalia

- Halali usiku, au anaamka kila simu inapolia.
- Hali vizuri, hasira za ghafla, hataki kwenda shule.
- Anaficha simu unapoingia.
- Anaomba pesa au anataka kadi ya zawadi ya dukani bila sababu ya kueleweka.

Dalili hizi zinaweza kuwa za jambo jingine. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu.

Likitokea

1. Usimpige wala usimtukane. Mwambie: "Mwanangu, hukukosea kuniambia. Tutalimaliza pamoja." Aliyefanya uhalifu ni yule anayetishia.
2. Msilipe hata peni moja. Ukilipa mara moja, watarudi kudai zaidi. Kama mmeshalipa, acheni hapo hapo.
3. Msijibu tena, lakini msifute ujumbe. Andikeni jina la akaunti na mpige picha ya skrini inayoonyesha vitisho. Kisha mzuieni mtu huyo.
4. Usimtumie mtu yeyote ile picha ya mtoto, hata ndugu, hata kama ushahidi. Kusambaza picha ya utupu ya mtu aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai hapa Uingereza.
5. Pigia polisi 101. Kama maisha yako hatarini, piga 999. Unaweza pia kutoa taarifa kwenye tovuti ya CEOP, kitengo cha National Crime Agency kinacholinda watoto.
6. Mtoto atumie huduma ya Report Remove, iliyoanzishwa mwaka 2021 na Childline pamoja na Internet Watch Foundation. Husaidia kuondoa picha mtandaoni na kuzuia isipandishwe tena.

Mtoto akiona vigumu kuzungumza nawe, ana Childline, 0800 1111, ni bure. Wewe mzazi unaweza kupiga NSPCC, 0808 800 5000. Akisema amechoka kuishi, usiichukulie kama tamthilia: usimwache peke yake, tafuta msaada siku hiyo hiyo. Samaritans wanapatikana 116 123, mchana na usiku. GP naye anaweza kumpeleka Forward Thinking Birmingham, wanaotibu afya ya akili ya vijana mpaka miaka 25. Kama Kiingereza kinakupa taabu, omba mkalimani wa Kiswahili, hulipi kitu. Usimfanye mtoto mwenyewe awe mkalimani wa jambo kama hili.

Kabla halijatokea

Mitandao mingi inataka mtoto awe na miaka 13. Asidanganye umri. Tangu Septemba 2024 akaunti mpya za Instagram za walio chini ya miaka 18 hapa Uingereza zinafungwa kwa wasiowajua, na aliye chini ya miaka 16 lazima apate ruhusa ya mzazi kulegeza ulinzi huo. Lakini aliyejiandikisha kuwa na miaka 20 huukosa.

Simu zilale sebuleni usiku, na yako pia. Na kama hujui Snapchat, mwambie mwanao akufundishe. Atafurahi kuwa mwalimu wako.

Zaidi ya yote, mpe ahadi leo kabla ya shida: "Lolote litakalokupata kwenye simu, njoo kwangu, sitakupiga." Genge haliwezi kumtisha mtoto kwa siri ambayo mama au baba yake anaijua tayari.

Mwambie na jirani yako.