Mtoto akiugua siku ya safari, okoa tiketi ya kurudi

Tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi huonekana kama safari mbili zilizokwisha kulipiwa. Ndiyo maana mzazi ambaye mtoto wake ameamka na homa hudhani akiiacha ndege ya leo na kupanda basi keshokutwa, ile ya kurudi itamsubiri. Mara nyingi haimsubiri.

Kwa mashirika mengi, tiketi hiyo ni mkataba mmoja unaotumika kwa mpangilio: kwenda kwanza, kisha kurudi. Abiria asipotokea safari ya kwanza bila taarifa, safari zinazofuata hufutwa na nafasi yake huuzwa. Wengine hugundua hilo wakiwa tayari uwanjani na watoto, wakitaka kurudi nyumbani, na hulazimika kununua tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo.

Hata hivyo, hofu ya kupoteza fedha isimfanye mzazi amsafirishe mtoto mgonjwa. Mwenye tetekuwanga, kwa mfano, huambukiza kuanzia siku 1 hadi 2 kabla ya vipele kutokea mpaka vyote vikauke na kufanya magamba. Ugonjwa huo ni hatari zaidi kwa wajawazito na watoto wachanga, na shirika linaweza kumkatalia kupanda.

La muhimu ni kupiga simu kabla ndege haijaondoka, hata ikiwa imebaki saa moja. Mweleze mhudumu kuwa mtoto anaumwa, uliza gharama ya kubadili tarehe, na omba safari ya kurudi ibaki hai. Kama baba anasafiri huku mama na mtoto wakibaki, omba majina yatenganishwe. Omba uthibitisho kwa maandishi na utunze cheti cha daktari. Baadhi ya mashirika hupunguza faini kwa sababu ya ugonjwa.

Nchini Brazil, kanuni ya mwaka 2016 inamlinda abiria wa safari za ndani anayetoa taarifa kabla ya muda wa ndege: safari ya kurudi haifutwi wala hatozwi faini. Kwingineko, mengi hutegemea masharti ya tiketi, hivyo yasome kabla ya kulipa.

Wenye watoto wadogo walinganishe pia bei ya tiketi mbili za upande mmoja zilizokatwa kila moja peke yake. Moja ikipotea, nyingine hubaki.